Mungu wa Theluji Haogopi Maswali

Miaka kadhaa iliyopita tulihubiri mahubiri ambayo leo tunayatubia. Ilikuwa Jumapili ya mavuno, na somo lilitoka Zaburi ya 147. Tulipofika mstari wa 16, unaotaja theluji kuwa kazi ya Mungu, tulipandisha sauti. Tukawaambia washarika kwamba hakuna mwanasayansi duniani anayejua chembe ya theluji inavyofanyika. Kwamba Mungu huichonga kila moja kwa kidole chake, pembe sita, na tangu kuumbwa kwa ulimwengu hazijawahi kufanana mbili. Na kwamba wasomi wameangalia, wameduwaa, wamefunga vitabu vyao. Kanisa zima likaitikia "Amina." Tukashuka mimbarini tumeridhika.

Baada ya ibada alitufuata binti mmoja wa darasa letu la kipaimara, mwanafunzi wa sekondari.

"Shikamoo, Mchungaji."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, Mchungaji. Mwalimu wetu wa jiografia ametufundisha theluji inavyotokea mawinguni, hata tumechora. Mbona Mchungaji umesema hakuna anayejua?"

Tulicheka kidogo, kama wakubwa wanavyocheka wakibanwa. Tukamwambia kwamba hekima ya dunia hii ni upuzi mbele za Mungu, na kwamba mtoto mwenye adabu hashindani na mimbari. Aliinamisha uso akasema, "Sawa, Mchungaji." Akabarikiwa kipaimara mwaka ule, kwa kuwa wazazi wake walitaka. Leo yuko chuo kikuu. Akija likizo humsindikiza mama yake hadi getini mwa kanisa, kisha hurudi nyumbani. Mama yake ametuuliza zaidi ya mara moja kama tunajua kitu kilichomkwaza mwanawe. Tunakijua.

Hatuandiki haya ili tujipige kifua mbele za watu. Tunaandika kwa sababu mahubiri yale bado yanahubiriwa, katika sharika zetu, kwenye mikutano ya injili na kwenye simu zetu, tena na watu wanaompenda Mungu kweli. Na tunasema bila kumung'unya maneno: mahubiri yale ni mabaya. Yana uongo ndani yake, na pia yanafundisha mungu mdogo. Yanamfanya Mungu akae mahali penye ujinga tu, kiasi kwamba kila mwalimu wa sayansi akifundisha vizuri, Mungu huyo hana budi kusogea nyuma hatua moja. Mtoto anayefundishwa hivyo kanisani hahitaji mpagani wa kumtoa katika imani. Kitabu cha kidato cha pili kinatosha.

Basi tuanze na kweli yenyewe. Chembe ya theluji inafanyikaje? Hili si fumbo. Tulipaswa kulijua kabla ya kupanda mimbarini.

Maji ya bahari, ya ziwa, ya mto na ya majani ya mgomba hupaa angani kama mvuke usioonekana. Hewa yenye mvuke ikipanda juu hupoa, na ikipoa vya kutosha mvuke hugeuka kuwa vitone vidogo mno, ambavyo vikiwa vingi pamoja ndivyo tunavyoviita wingu. Hapo lipo jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa: vitone hivyo havigandi mara tu vinapofika sifuri. Vinaweza kubaki maji hata baridi ikifika nyuzi 10 au 20 chini ya sifuri. Maji safi kabisa katika vitone vidogo namna hiyo hukawia kuganda hadi karibu nyuzi 38 chini ya sifuri. Ili yagande mapema yanahitaji kitu cha kuanzia. Kitu hicho aghalabu ni chembe ya vumbi, udongo mlaini uliopeperushwa na upepo kutoka nchi kavu. Mara nyingine ni bakteria aliyetoka kwenye majani ya mimea. Molekuli za maji hujipanga juu ya punje hiyo, na barafu ya kwanza huzaliwa, ndogo kiasi kwamba jicho haliioni.

Kwa nini pembe sita? Kwa sababu ya umbo la molekuli ya maji yenyewe. Kila molekuli ina oksijeni moja na haidrojeni mbili, na zinaposhikana katika barafu hujipanga kwa duara za sitasita, kama masega ya nyuki. Mpangilio huo ukirudiwa mara nyingi mno hutoa fuwele yenye pande sita. Fuwele moja ya theluji ya kawaida ina molekuli zipatazo bilioni mara bilioni, na zote zimefuata sheria hiyo moja.

Kisha fuwele inakua, nayo inakua kwa kuwanyang'anya jirani zake. Mvuke hushikwa kwa urahisi zaidi na barafu kuliko na maji ya baridi ileile. Kwa hiyo katika wingu lenye vyote viwili, vitone vya maji hukauka polepole, na mvuke wake huhamia kwenye fuwele. Jambo hili lilielezwa na Alfred Wegener, Mjerumani, mwaka 1911, na wenzake wakaliendeleza katika miaka ya 1930. Pembe za fuwele, kwa kuwa zimechomoza mbele katika hewa yenye mvuke, hupata mvuke mwingi kuliko katikati, hivyo hukua haraka zaidi. Kilichochomoza kidogo huchomoza zaidi. Ndivyo matawi sita yanavyotokea, na matawi madogo juu ya matawi.

Umbo hutegemea joto na unyevu wa hewa. Karibu na nyuzi 2 chini ya sifuri fuwele huwa sahani nyembamba. Karibu na nyuzi 5 chini ya sifuri huwa sindano na nguzo. Karibu na nyuzi 15 chini ya sifuri huwa zile nyota kubwa zenye matawi tunazoziona kwenye kadi za Krismasi. Aliyeonyesha hayo kwa mikono yake ni Ukichiro Nakaya wa Hokkaido, Japani. Mwaka 1936, katika chumba cha baridi kali, aliikuza fuwele ya theluji juu ya unywele wa sungura, kisha akaendelea kubadili joto na unyevu huku akiandika umbo gani linatokea wapi. Na matawi sita yanafanana kwa sababu yamesafiri pamoja. Yamepita katika hewa ileile kwa dakika ileile, basi yamekua kwa namna ileile.

Kwa hiyo tuliposema hakuna anayejua, tulisema uongo. Hatukukusudia uongo, lakini hatukuuliza pia, na mtu anayesimama kwa jina la Mungu na kusema asichokijua kana kwamba anakijua anakaribia sana Amri ya Pili, ile ya kutolitaja bure jina la Bwana Mungu wetu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwetu ilianzia mimbarini na kuishia getini mwa kanisa, mahali yule binti anapogeuka kurudi nyumbani.

Ipo pia sehemu ya uongo mdogo uliovaa ukweli: kwamba hakuna chembe mbili zinazofanana. Neno hili limeenea hasa kutokana na kazi ya Wilson Bentley, mkulima wa kijiji cha Jericho, jimbo la Vermont, Marekani. Tarehe 15 Januari 1885 aliunganisha kamera na hadubini akapiga picha ya fuwele ya theluji, na hadi alipofariki mwaka 1931 alikuwa amepiga zaidi ya 5,000. Hakuona mbili zilizofanana. Kwa zile kubwa zenye matawi hilo halishangazi, kwa kuwa njia za kukua ni nyingi kupita hesabu. Lakini zile changa, vijisahani vyenye pande sita tu, zaweza kufanana hata mtazamaji asizitofautishe. Tena Bentley alichagua nzuri. Nyingi zinazoanguka zimevunjika, zimepinda, zimegongana na kushikamana, au zina tawi moja fupi.

Sisi tulizitumia picha zile nzuri kuwaambia vijana: wewe ni wa thamani kwa sababu hakuna mwingine kama wewe. Ndugu washarika, hiyo si injili. Thamani ya mtu haitokani na kutofanana na wenzake. Pacha wanaofanana kama sarafu mbili wana thamani. Mtoto aliyezaliwa na mguu mfupi, kama fuwele iliyovunjika tawi, ana thamani. Thamani yetu imetoka kwa yule aliyetuumba na kutukomboa, akatuita kwa jina katika ubatizo. Ukiitundika thamani hiyo kwenye umbo la theluji, siku kijana atakapoona fuwele mbili zinazofanana utakuwa umemwachia nini?

Sasa twende kwa mababa zetu katika imani, maana tunapenda kusema kwamba maswali haya yameletwa na watu wa nje. Si kweli. Miongoni mwa watu wa kwanza Ulaya kuandika kwa kina kwa nini theluji ina pembe sita alikuwa Mlutheri. Johannes Kepler alisoma Chuo Kikuu cha Tübingen akikusudia kuwa mchungaji, kabla ya kupelekwa Graz mwaka 1594 kufundisha hesabu. Mwaka 1611, akiwa mtaalamu wa hesabu wa Kaisari huko Prague, alimwandikia rafiki yake kijitabu kuwa zawadi ya mwaka mpya, chenye swali hilo moja: mbona sita, wala si tano au saba? Alitazama masega ya nyuki. Alitazama punje za komamanga. Alitazama namna vitu vya mviringo vinavyopangwa ili vikaribiane. Alijaribu jibu moja baada ya jingine, na mwisho akakiri kwamba hajalifikia jibu lenyewe, akawaachia wanakemia watakaokuja. Ilipita miaka 300 hivi kabla miale ya eksirei haijaonyesha mpangilio wa ndani wa fuwele.

Tazameni tofauti. Kepler alikuwa na pengo la kweli mbele yake. Angeweza kupiga mhuri wa "hapa ndipo Mungu alipo, msiulize zaidi", na watu wangesema amina. Hakufanya hivyo. Kwa yeye kumheshimu Muumba kulikuwa ni kuendelea kuuliza, na alipofika ukingoni alisema wazi kwamba amefika ukingoni. Kanisa letu halikumtendea vema siku zote. Huko Linz mwaka 1612 alizuiliwa Meza ya Bwana, si kwa sababu ya theluji, bali kwa kuwa dhamiri yake haikumruhusu kutia sahihi kila neno la Hati ya Makubaliano. Hata hivyo alikufa akijihesabu kuwa Mlutheri. Yeye hakuliacha kanisa lake. Binti yetu ameondoka, na kosa lake lilikuwa swali moja tu.

Historia yetu wenyewe hapa Tanzania inatufundisha vivyo hivyo, maana theluji iko katika mwanzo wa habari zetu. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, mwana wa Württemberg aliyetumwa na chama cha misheni cha Waanglikana, alikuwa njiani kwenda Uchagani alipoona weupe juu ya Kilimanjaro. Aliyemwongoza njia hakuwa na jina la kitu kile ila "baridi". Rebmann alijua ni theluji, na habari zake zikachapishwa mwaka uliofuata. Huko London msomi wa jiografia, William Desborough Cooley, akakataa kata kata. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani! Hakuwahi kukanyaga nchi hii, lakini alikuwa na nadharia yake, na nadharia ilimtosha. Zilipita zaidi ya miaka 10 kabla Baron von der Decken hajaupanda mlima hadi mahali alipoona theluji ikianguka, na hoja ikaisha.

Tunaipenda habari hiyo, kwa kuwa ndani yake mtu wa misheni alisema alichokiona, na msomi mwenye kiburi akaaibika. Lakini tujiulize kwa unyofu: leo Cooley ni nani? Ni yule anayekataa jambo bila kulitazama kwa sababu halikubaliani na alilokwisha kuamua. Tuliposimama mimbarini na kusema wasomi wameshindwa, wala hatujafungua hata kitabu cha mtoto wa sekondari, hatukuwa wana wa Rebmann. Tulikuwa Cooley aliyevaa kanzu ya kichungaji.

Wengine watatujibu: "Mchungaji, kama mvuke, vumbi na baridi vinafanya kazi yote, Mungu amebakiwa na nini?" Swali hili tunaliheshimu, kwa kuwa linatoka moyoni. Lakini kwa Mlutheri lina jibu, na jibu lipo katika kitabu tulichokariri tukiwa watoto. Katika Katekisimu Ndogo, akieleza sehemu ya Imani inayohusu uumbaji, Luther anataja nguo na viatu, chakula na nyumba, kuwa ni vitu tunavyopewa na Mungu. Je, Luther hakujua kwamba Wittenberg palikuwa na fundi viatu? Alimjua. Alijua ngozi ilitoka kwa ng'ombe, na uzi kwa msokotaji. Wala hakuona kwamba fundi viatu amempunguzia Mungu kazi.

Na katika maelezo yake ya Zaburi hiyohiyo ya 147, tuliyoihubiri vibaya, alifundisha kwamba kazi za shambani, za nyumbani na za mjini ni kama barakoa za Mungu: yeye amejificha nyuma yake, na kwa hizo hutenda yote. Sisi tuliopita katika miaka ya korona tunajua barakoa ni nini. Uso wa mtu umefunikwa, lakini mtu yupo, na mkono unaokupokea ni wake. Basi mvuke ni barakoa. Punje ya vumbi ni barakoa. Sheria ya pembe sita ni barakoa. Mwanasayansi anaichunguza barakoa, na anafanya vema, kwa maana ni kitambaa cha kweli, kimeshonwa vizuri. Imani inamjua aliye nyuma yake. Hao wawili hawagombanii kiti kimoja.

Tena tukumbuke sakramenti zetu. Tunajua maji ya kisima cha ubatizo yametoka bombani. Tunajua ni oksijeni na haidrojeni, zilezile zilizo katika theluji. Hatujawahi kusema ili ubatizo uwe kazi ya Mungu ni lazima maji yawe ya ajabu yasiyoelezeka. Tunasema ni maji pamoja na Neno. Mungu wetu alikuja katika mwili uliokuwa na damu, mifupa na njaa. Mwenye kumtafuta Mungu mahali pasipo na maelezo tu atampitia horini bila kumtambua.

Lakini tusiwapige wa upande mmoja tu. Wapo pia vijana wetu, na walimu wao, wanaosema: sasa tumejua theluji inavyofanyika, basi Mungu hayupo. Kwao tunasema kwa upendo uleule: hoja yenu ni mbovu kama ya kwetu, maana ni ileile imepinduliwa. Sisi tulisema, "Haielezeki, basi ni Mungu." Ninyi mnasema, "Imeelezeka, basi si Mungu." Wote tumekubaliana kimakosa kwamba Mungu na maelezo hawakai nyumba moja. Fikirini ugali uliopo mezani. Mwaweza kueleza jinsi wanga wa mahindi unavyovimba katika maji ya moto na kushika. Maelezo hayo ni ya kweli mwanzo hadi mwisho. Yamesema nini juu ya mama aliyeamka kabla ya alfajiri ili watoto wasiende shule na njaa? Hayajasema lolote, wala hayajamkanusha. Mtoto anayesema, "Nimejua wanga unavyovimba, kwa hiyo sina mama," hajawa mwanasayansi.

Lipo kundi la tatu, nalo tunalionya kwa sababu linafanana na msaada. Ni wale wanaofungua Ayubu 38:22, panapotajwa ghala za theluji, na kutangaza kwamba Biblia ilitabiri sayansi ya leo. Wengine watasoma hapa kwamba theluji huanzia kwenye vumbi, watakimbilia Mwanzo 2:7, na Jumapili ijayo litakuwa hubiri. Tunaomba wasifanye hivyo. Ayubu aliulizwa maswali yale ili anyamaze mbele ya ukuu wa Mungu, si ili apewe somo la hali ya hewa. Ukililazimisha Neno liseme lisichosema ili lionekane la kisasa, utalifanya lizeeke pamoja na kitabu cha sayansi ulicholibandika.

Huenda msharika akasema: haya ni mambo ya wasomi, sisi theluji inatuhusu nini? Inatuhusu. Hata katika joto letu, juu ya vichwa vyetu kuna mawingu marefu yanayopanda kupita mahali maji yanapoganda, kiasi cha mita 5,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Huko juu theluji hufanyika kwa njia ileile tuliyoieleza, na ikianguka huyeyuka njiani. Mvua nyingi kubwa za radi zinazonyesha mashamba yetu zilikuwa barafu dakika chache kabla hazijatulowesha. Mkulima wa Dodoma ambaye hajawahi kuona theluji ameshanyeshewa nayo.

Tena ipo Kibo. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia 2011 zilibaki chini ya 2. Tumesikia watu wakisema mlima umekasirika kwa sababu matambiko yameachwa. Tumesikia na wahubiri wakisema ni adhabu, na kwamba maombi ya siku kadhaa yataurudishia weupe wake. Lakini anayejua theluji inavyofanyika anajua pa kuuliza: mvuke uko wapi? Wataalamu wanaeleza kwamba hewa ya huko juu imekuwa kavu kuliko zamani, theluji mpya ni haba, jua linaila ile ya kale, na dunia nzima inazidi kupata joto. Wanaeleza pia kwamba maji ya vijiji vya mlimani hutegemea zaidi mvua na msitu kuliko ile barafu ya kileleni. Hapo ndipo toba inapopata miguu. Anayeomba mvua huku anakata msitu anamjaribu Mungu. Na mtoto wa kipaimara anayepanda mti na kuumwagilia mpaka ushike ameomba sala ambayo wengi wetu hatujaiomba bado.

Basi tunawasihi mambo machache. Wachungaji na wainjilisti wenzetu, tusiseme mimbarini jambo la sayansi ambalo hatujamuuliza anayelijua. Katika kila usharika kuna mwalimu, muuguzi au bwana shamba anayeweza kutusaidia Jumamosi ili tusiaibike Jumapili. Wazazi, mtoto akirudi na swali kutoka shuleni msimtishie kwa jina la Mungu, mwambieni, "Sijui, twende tukaulize." Walimu wa kipaimara, achieni nafasi ya maswali, na swali gumu lisihesabiwe kuwa utovu wa adabu. Na vijana, msituhukumu kwa mahubiri yetu mabaya. Tuhukumuni kwa Bwana tunayemhubiri, kisha mtukosoe.

Isaya 55:10 inataja mvua na theluji zishukazo toka mbinguni, na haisifu kwamba hazieleweki. Inasifu kwamba hazirudi bure: zinailowesha nchi, inachipuza, mpanzi anapata mbegu na mlaji anapata mkate. Nabii analilinganisha Neno la Mungu na kitu kinachofanya kazi hatua kwa hatua, kwenye udongo, kupitia mbegu na jembe. Hakuona haya kuzitaja hatua hizo. Sisi tuliziona haya, na tukamfundisha mtoto kwamba ni lazima achague.

Likizo ijayo, Mungu akitujalia uzima, hatutasubiri getini. Tutakwenda hadi nyumbani kwao, tupige hodi, na tukikaribishwa tutamwambia mbele ya mama yake: mwanangu, siku ile wewe ndiye uliyesema kweli. Tutamwomba atuonyeshe ule mchoro wa theluji, kama bado anao. Hatujui atajibu nini. Lakini neno la toba tunamdai sisi, si yeye, na limechelewa vya kutosha.